Sifuri ni Nukta

Nyumbani tumo, mlango u wazi,
ufunguo ndio hatuna.
Hivyo ndivyo nilivyomweleza Mbodze, fundi,
aliposhuka gatini na mkoba wake wa nyaya.
Programu ya hesabu ni nzima,
inajumlisha, inatoa, inakumbuka nani anadaiwa bati.
Mashine iliyoibeba ndiyo inayokufa.
Chumvi ya Langoni imeingia mpaka kwenye sahani zake,
ukiiwasha inakohoa kama mgonjwa wa kifua,
na ile mpya, ingali na nailoni yake,
haipokei urithi
bila herufi ishirini na tano.

"Risiti?"
Risiti ipo. Karatasi nyeupe pe,
wino wake ulikwenda na joto la mwaka wa kwanza.
"Kasha?"
Lilitiwa misumari ya inchi mbili, likapasuka.
"Muuzaji?"
Duka lake la Mombasa siku hizi linauza miwani.
"Na aliyeinunua?"
Aliyeinunua ni baba.
Tulimzika Rajabu ya mwaka juzi.

Mbodze akaipekua mashine matumbo.
Ikakiri nusu nusu, kama shahidi mwenye woga:
makundi manne ya nyota tupu,
kisha mkiani, wazi,
T5K0P.
"Inaujua wote," akasema, "inatuonyesha kisigino tu."

Tukaipindua tuipanguse vumbi.
Mgongoni mwake kulikuwa na ile hirizi,
kipochi cha ngozi kilichogandishwa kwa gundi ya mabomba.
Mama akapiga kelele toka kwenye mizani:
"Iwateni papo! Ni kinga ya duka.
Tangu iwekwe hatujaibiwa hata parafujo."
Kweli hatujaibiwa.
Tumekopwa tu.

Nikakata uzi kwa wembe.
Ndani, ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne,
mkono wa baba, kalamu ya kijani ya kuhesabia stoo:
herufi za Kiarabu, moja moja, hazikushikana mikono,
vikundi vitano, kila kimoja na uwanja wake,
mfano wa zile wanazoandikiwa watoto wasiolala usiku.
Lakini baba hakuwa mganga. Baba aliuza saruji.
Herufi za kizungu alizivaa kama viatu vya kuazima,
jambo la kutopotea
aliliandika kwa zile alizochapiwa nazo bakora chuoni.

Kikundi cha mwisho, kushoto kabisa:
te, duara, kafu, nukta,
na pe, pe ya nukta tatu.
Nikaanza kucheka, mama akadhani nalia.

Nikawa nasoma, Mbodze anabonyeza.
Ikakataa.
Kumbe alikuwa akichungulia begani kwangu,
akiona duara anaandika sifuri.
Sivyo, nikamwambia. Kwa baba duara ni tano.
Sifuri ni nukta,
kitu kidogo kabisa, hakijidai.
Tukarudia. Tukahesabu: ishirini na sita.
Nukta moja ilikuwa mavi ya nzi.

Mara ya tatu mashine mpya ikanyamaza kitambo,
kijistari kikatambaa,
tukaona majina yote yamehamia salama, na madeni yao,
na ule mlango wa pembeni ambao sikuwahi kuusoma,
*maelezo*, alimoandika baba peke yake:
Bi Khuzaima, mifuko mitatu. Asidaiwe, yumo edani.

Eda ile ilikwisha miaka saba iliyopita.
Nyumba ile sasa ina ghorofa.
Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kufuta.
Kikakaa.

Mbodze akaupiga picha ule ukurasa, akajitumia, akanitumia,
akasema sasa hata duka likiungua.
Mama hakumsikiliza.
Ameshaikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa,
ngozi mapajani, sindano mdomoni,
anaigeuza geuza mashine mpya
akitafuta mgongo wake uko wapi.